Kubaki meneja au kushika usukani wa lori lako Marekani: njia nne kwa kulinganisha

Swali hili huja karibu kila Waswahili wa Marekani wanapokutana, msibani, harusini au kwenye nyama choma ya Julai 4. Mtu ni meneja wa ghala, wa zamu kiwandani au wa nyumba ya kutunzia wazee. Mshahara unaingia kila baada ya wiki mbili, lakini simu hailali, wakubwa wanabana na wafanyakazi wanalalamika. Halafu binamu yake aliyenunua lori anamwambia kwamba wiki iliyopita aliingiza dola elfu sita. Aache kazi?

Nimesimamia ghala kwa miaka, na sasa lori langu linatembea chini ya namba ya kampuni, yaani namba ya kibali chake cha kusafirisha mizigo, kwa hiyo pande zote mbili nazijua kwa karibu. Sitamwambia mtu aache wala abaki. Ninachoomba ni kwamba asilinganishe mshahara wake na zile elfu sita, kwa sababu hizo ni fedha zilizoingia kabla ya dizeli, bima, rejesho la mkopo na tairi. Tena njia si mbili, ni nne:

- Kubaki meneja.
- Dereva wa kuajiriwa: lori ni la kampuni, unalipwa kwa maili, mwisho wa mwaka unapewa W-2, fomu ya kodi ya mwajiriwa.
- Lori lako, namba ya kampuni: kichwa ni chako, umekikodisha kwa kampuni yenye kibali, bima kuu na wateja. Unachukua asilimia ya kila mzigo, na unapewa 1099, fomu ya kodi ya aliyejiajiri.
- Lori lako, namba yako: kibali, bima, tela, wateja na ankara, vyote juu yako.

Nitazipima kwa vigezo vitano: masharti ya kuingia, kinachobaki mfukoni, nani analipa siku ambayo magurudumu hayazunguki, muda wako na wa nyumbani, na afya. Kigezo cha tatu ndicho watu wengi hukisahau, nacho kwa maoni yangu ndicho kinachoamua mambo.

Masharti ya kuingia

Umeneja hauna la kuongeza hapa, tayari umo ndani. Ila aliye Marekani kwa viza ya kazi ya H-1B akumbuke kwamba ruhusa yake ya kazi imefungwa kwa mwajiri wake. Kwake njia tatu zilizobaki hazipo mpaka hadhi yake ibadilike.

Kuwa dereva wa kuajiriwa kunahitaji CDL, yaani leseni ya udereva wa kibiashara, daraja A. Tangu Februari 2022 huwezi kufanya mtihani wa leseni hiyo mara ya kwanza bila kupitia shule iliyosajiliwa na FMCSA, yaani mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usalama wa magari ya mizigo. Utapimwa afya na daktari aliyeidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi 24 kwa wingi. Mwenye shinikizo la damu mara nyingi hupewa muda mfupi zaidi. Utapimwa pia dawa za kulevya, na bangi hairuhusiwi hata kama jimbo lako limeihalalisha, kwa sababu hii ni sheria ya serikali kuu. Tangu Januari 2020 matokeo mabaya huingia kwenye kanzidata ya taifa ambayo kila mwajiri lazima aiangalie.

Kuna mawili ambayo mtu wa kwetu asiyapuuze. La kwanza ni Kiingereza. Tangu Juni 25, 2025 mkaguzi akikusimamisha barabarani na ukashindwa kuzungumza naye au kusoma alama za barabarani, anakuondoa usukanini papo hapo. La pili ni karatasi. Mwenye uraia au kadi ya kijani hupata CDL ya kawaida. Wenye kibali cha kazi tu, wakiwemo wengi wanaosubiri kesi za hifadhi, walikuwa wakipewa leseni ya aina nyingine, na Septemba 2025 Wizara ya Uchukuzi ilitangaza kanuni kali juu yake, kanuni iliyopingwa mahakamani. Kama uko kundi hili, nenda ofisi ya leseni ya jimbo lako uulize kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Kuhusu lori lako chini ya namba ya kampuni, kampuni nyingi na watu wao wa bima wanataka dereva mwenye uzoefu wa mwaka mmoja au miwili. Hiyo ina maana kwamba meneja hatoki ofisini leo akaingia njia ya tatu kesho. Atapitia kuajiriwa kwanza. Wapo wanaoliona hilo kama kupoteza muda. Mimi naona ni bahati, maana unajifunza kurudi nyuma mlangoni kwa lori la mtu mwingine.

Njia ya nne ina milolongo yake. Ombi la kibali kwa FMCSA ni dola 300, na hiyo ndiyo sehemu rahisi. Sheria inataka bima ya dhima isiyopungua dola 750,000 kwa mizigo ya kawaida, lakini madalali wengi wa mizigo, wanaounganisha wenye mizigo na wenye malori, hawakupi mzigo bila bima ya milioni moja pamoja na bima ya shehena ya 100,000. Kampuni mpya hulipa bima kwa bei ya juu, na malipo ya kati ya dola elfu kumi na mbili na elfu ishirini kwa mwaka kwa lori moja si ajabu. Kuna usajili wa IRP (namba za gari za kupita majimbo mengi) na UCR (usajili wa kila mwaka wa wasafirishaji), kodi ya mafuta ya IFTA ya kila robo mwaka, na Fomu 2290 ya kodi ya lori zito ambayo hufika dola 550 kwa mwaka. FMCSA hukuweka chini ya uangalizi kwa miezi 18 na kukukagua kwa kawaida ndani ya mwaka wa kwanza. Na madalali wengi hawaigusi kampuni ambayo kibali chake bado kibichi. Hivyo miezi ya mwanzo, ndiyo unayohitaji fedha zaidi, ndiyo unayopata mizigo ya bei mbaya.

Kinachobaki mfukoni

Hapa lazima tuandike hesabu. Namba hizi ni za mfano. Weka zako mahali pake. Chukua wiki ya maili 2,500, pamoja na zile za kutembea mtupu. Lori linakwenda maili 6.5 kwa galoni, dizeli ni dola 3.80, na maili zote kwa wastani zinalipa dola 2.00. Mapato ni 5,000. Dizeli ni kama 1,461.

Njia ya tatu, kampuni inakupa asilimia 75, yaani 3,750. Toa dizeli, toa rejesho la lori 550, toa bima zako ndogo 100, na weka pembeni senti 15 kwa kila maili kwa ajili ya matengenezo, ambazo ni 375. Inabaki 1,264.

Njia ya nne, 5,000 zote ni zako. Toa dizeli, bima 290, rejesho la lori 550, tela 250, matengenezo 375, asilimia tatu ya kampuni inayonunua ankara zako ili usisubiri siku 30 kulipwa, nayo ni 150, na 75 za vibali, programu ya kutafutia mizigo na kifaa cha kurekodi saa za kuendesha. Inabaki 1,849.

Dereva wa kuajiriwa kwa senti 55 kwa maili anapata 1,375. Meneja wa dola 80,000 kwa mwaka anapata kama 1,538. Zote ni kabla ya kodi ya mapato.

| Njia | Wiki ya kazi | Wiki ya kusimama | Wastani, wiki tatu za kazi na moja ya kusimama |
|---|---|---|---|
| Meneja | 1,538 | 1,538 | 1,538 |
| Dereva wa kuajiriwa | 1,375 | 0 | 1,031 |
| Lori lako, namba ya kampuni | 1,264 | -650 | 786 |
| Lori lako, namba yako | 1,849 | -1,165 | 1,096 |

Kabla hujafunga ukurasa, tazama upande wa pili kwa haki. Ile 550 ya rejesho haipotei yote, inakununulia lori, na siku mkopo ukiisha inabaki kwako. Gharama za biashara hupunguza kodi: uchakavu wa lori, na posho ya chakula ya dola 80 kwa siku tangu Oktoba 2024, ambayo asilimia 80 yake hukatwa kwenye mapato. Na bei ikipanda senti 50 tu kwa maili, njia ya tatu inaruka mpaka kama 2,200 kwa wiki na ya nne inapita 3,000. Hapo mshahara wa meneja unaachwa nyuma. Aliyeingia mwaka 2021 aliziona wiki za namna hiyo.

Lakini huyo huyo aliona 2022. Bei za mizigo zilishuka huku dizeli ikipita dola 5.70 kwa galoni mwezi Juni, na wengi waliokuwa wamenunua malori kwa bei ya msimu wa neema waliyarudisha benki. Taasisi ya utafiti ya ATRI ilikadiria kwamba mwaka 2023 kuendesha lori Marekani kuligharimu wastani wa dola 2.27 kwa maili, mshahara wa dereva ukiwemo. Ukipewa mzigo wa dola 1.80, kumbuka namba hiyo.

Jambo jingine, aliyejiajiri hulipa mwenyewe pande zote mbili, ya mwajiri na ya mwajiriwa, za makato ya Social Security (pensheni) na Medicare (matibabu ya uzeeni), asilimia 15.3, na kodi hulipwa mara nne kwa mwaka bila mtu kukukata. Nimeona wanaume wazima wakilia mwezi Aprili, wakati wa kufunga hesabu za kodi, kwa sababu hiyo tu.

Lori likisimama, nani analipa?

Safu ya tatu ya jedwali ndiyo moyo wa jambo hili. Meneja akiugua homa, kampuni inamlipa. Dereva wa kuajiriwa lori likiharibika, hapati maili, lakini hadaiwi kitu, na mara nyingi hupewa lori jingine. Njia ya tatu na ya nne, wiki ya kusimama haikuletei sifuri, inakuletea deni.

Lori la kisasa linasimama kwa mambo madogo. Chukua chujio la moshi. Taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi, injini inataka kujisafisha, wewe uko kwenye foleni ya ghala na huwezi kuiacha ijisafishe. Unaahirisha. Baada ya saa kadhaa inawaka nyekundu, nguvu inapungua, lori linapanda kilima cha Wyoming kwa mwendo wa baiskeli, na mwisho linakataa. Kuvutwa, fundi, kihisi kipya, siku mbili za hoteli na mzigo uliochelewa. Hakuna aliyekosea, na bado maelfu ya dola yameondoka. Ndiyo maana nasema akiba ya matengenezo iwepo kabla ya lori, isiyopungua dola elfu kumi, na katika njia ya nne iongezwe fedha za miezi mitatu za bima na rejesho.

Siku za kusimama zinatoka pia kwa wenye mizigo. Umefika ghalani saa mbili asubuhi, umerudisha tela mlangoni, taa ya ukutani ni nyekundu. Itabadilika kuwa kijani wakishamaliza kupakua, na inaweza kuchukua saa tano. Malipo ya kusubiri kwa kawaida huanza baada ya saa mbili, na hulipwa kama yaliandikwa kwenye makubaliano na kama saa ya kuingia na kutoka imegongwa kwenye karatasi. Aliyewahi kuwa meneja ana faida hapa. Anajua nani ndani ya ghala anaweza kusaini, na anajua kuomba kwa adabu bila kunyenyekea.

Kwenye njia ya tatu, sheria ya ukodishaji ya serikali kuu inakulinda kuliko watu wengi wanavyojua. Kampuni lazima ikulipe ndani ya siku 15 baada ya kukabidhi karatasi za mzigo. Ukilipwa kwa asilimia, una haki ya kuona ankara halisi ya mzigo, si ile wanayokuambia kwa mdomo. Fedha za dhamana wanazokukata zirudishwe ndani ya siku 45 baada ya mkataba kuisha. Soma karatasi ya malipo ya kila wiki mstari kwa mstari, kama ulivyokuwa ukisoma bajeti ya idara yako.

Kwenye njia ya nne, dalali ndiye wa kupimwa. Sheria inamtaka awe na dhamana ya dola 75,000, na hali yake hutazamwa bure kwenye tovuti ya FMCSA. Dhamana hiyo huisha haraka dalali akianguka akiwa anadaiwa na malori mengi, kwa hiyo usimwachie ankara nyingi mfululizo bila kulipwa.

Nina neno zito kuhusu mlango mmoja wa njia ya tatu: mipango ya kampuni kukukodishia lori lake huku ukililipia polepole mpaka liwe lako. Kampuni inakupa lori na pia ndiyo inayokupa mizigo, hivyo ikipunguza maili rejesho linabaki vile vile. Kikosi kazi kilichoundwa chini ya FMCSA kuchunguza mipango hii kilipendekeza Januari 2025 ipigwe marufuku. Wapo waliomaliza na kupata lori lao. Kwangu, mtu ambaye hana namna ya kupata mkopo wa kawaida wa lori aendelee kuajiriwa mpaka aipate.

Na ajira nayo si kinga kamili. Yellow, kampuni ya lori iliyokaribia miaka mia moja, ilifunga shughuli zake mwaka 2023 na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi, mameneja na madereva pamoja.

Muda na nyumbani

Wengi huacha umeneja kwa kutafuta uhuru. Uhuru upo, ila una saa yake. Dereva yeyote, mwenye lori au aliyeajiriwa, ana saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, kisha lazima apumzike saa 10, na jumla isizidi saa 70 kwa siku nane. Kifaa kinarekodi kila dakika. Bosi wako ameondoka, saa imechukua nafasi yake.

Meneja analala kitandani kwake, ila simu inalala naye. Dereva wa kuajiriwa wa safari ndefu anarudi pale kampuni itakapomrudisha, ingawa kuna kazi za eneo moja ambazo hukurudisha kila jioni. Njia ya tatu unaweza kukataa mzigo, na ukikataa sana mpangaji wa safari anakusahau. Njia ya nne unaamua mwenyewe, halafu Jumamosi uliyorudi nyumbani unaitumia kwa ankara, IFTA na kubadilisha taa za tela.

Hesabu pia nyumbani kwa pili, kule Kisumu, Bukavu au Tanga. Karo za wadogo na dawa za mama huombwa tarehe ile ile kila mwezi. Umeneja unaendana na tarehe hizo. Lori haliendani nazo mpaka uwe na akiba ya kusawazisha wiki nzuri na mbaya.

Afya

Umeneja na ajira nyingi za udereva huja na bima ya afya. Ukiacha kazi, sheria ya COBRA kwa kawaida inakuruhusu kubaki kwenye bima ya zamani hadi miezi 18, lakini unailipia yote mwenyewe, mpaka asilimia 102 ya bei. Pata bei hiyo kwa maandishi kabla ya kuaga. Kukaa saa nyingi na chakula cha vituo vya malori hupandisha sukari na shinikizo, na kwa dereva shinikizo likipanda cheti kinafupishwa au kinakataliwa. Msongo wa umeneja nao unaua, ila hauhitaji cheti cha daktari ili uendelee kulipwa.

Njia ipi, kwa hali ipi

Una watoto wadogo, mwenzako hana bima ya afya kazini, na wewe ndiye nguzo ya familia mbili: umeneja ndio unaobeba vizuri zaidi mzigo huo kwa sasa. Kama kinachokuchosha ni bosi au kampuni na si kazi yenyewe, badilisha kampuni kwanza. Wengine waliotoka sakafu ya ghala wamepata nafuu kwa kuwa wapangaji wa safari au mameneja wa usalama kwenye kampuni za malori, na wakati huo huo wanajifunza biashara kutoka ndani.

Umeshachoka ofisi lakini hujawahi kuendesha chochote kinachozidi gari la familia: chukua CDL na uajiriwe angalau mwaka, pamoja na msimu mmoja wa theluji. Ukigundua kwamba upweke wa barabarani unakuumiza, umepoteza mwaka, hujapoteza nyumba.

Una uzoefu wa udereva, akiba ya matengenezo ipo, mkopo wa lori unaupata benki, na hupendi makaratasi: lori lako chini ya namba ya kampuni linakufaa. Uliza maswali manne kabla ya kusaini: asilimia ngapi, nani analipa bima kuu, dhamana ni kiasi gani, na nikiondoka naondoka baada ya siku ngapi. Zungumza na madereva watatu walio pale na mmoja aliyeondoka.

Umewahi kusimamia bajeti na mikataba, una wateja wawili watatu wanaokujua kwa jina, na unaweza kukaa miezi mitatu bila kujilipa: namba yako mwenyewe inaleta faida kubwa kuliko zote hapa, na ujuzi wa umeneja ndipo unapolipa. Meneja wa zamani wa ghala la vyakula anayeanza na tela la friji na kazi ya kiwanda alichokuwa akikihudumia hayuko mahali pamoja na anayeanza na programu ya mizigo peke yake.

Karatasi zako ni za muda, au Kiingereza cha kujibu maswali ya mkaguzi bado kinasumbua: usitie fedha kwenye lori mwaka huu. Shughulikia hayo mawili ukiwa bado unapokea mshahara.

Umebakiza miaka kumi kufikia pensheni na una wazo la kununua lori na kumwajiri dereva huku ukibaki ofisini: jaza jedwali upya. Mshahara wa dereva na bima ya majeraha vinaingia kabla hujapata senti, na katika bei ya dola 2.00 kwa maili hakibaki kitu cha maana. Kwa hali hiyo subiri bei ipande, au nunua lori siku utakapokuwa tayari kulipanda mwenyewe.